Kalamu ya Rangi ya Uji wa Ulezi

Mimi ni mtu wa vitenge. Nimeuza vitenge sokoni Sumbawanga tangu binti yangu wa kwanza akiwa mgongoni, na kazi hii imenipa ugonjwa mmoja: siwezi kupita penye rangi nisigeuke. Ndiyo maana siku niliyoingia duka la vifaa vya ofisi kununua kitabu cha risiti, nilitoka bila kitabu. Kwenye kabati la kioo, rafu ya chini kabisa, nyuma ya rula na vikasha vya pini, kulikuwa na kalamu nene imelala kwenye vumbi lake. Nilichuchumaa palepale katikati ya duka, kapu mkononi, nikaikodolea macho.

Rangi yake jamani nitaielezaje. Chukua uji wa ulezi ukiwa wa moto, mimina maziwa, halafu usikoroge. Ile kahawia na ile nyeupe zinavyofukuzana kabla hazijapatana, ndivyo kalamu ile ilivyokuwa, ila humo ndani kulikuwa na kijani cha jani la maharage na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Kwenye kitenge ukiziweka rangi hizo nne pamoja mteja anakimbia. Kwenye kalamu zilikaa kama zimezaliwa tumbo moja.

"Kaka, hii nini?" nikauliza.

Mwenye duka ni Mfipa wa makamo, mpole wa sauti, lakini akishasema kitu hakirudi nyuma. "Hiyo achana nayo, dada. Kalamu ya nibu hiyo, ya kujaza wino. Kiwanda chenyewe kiliacha kuzitengeneza."

"Nimeuliza ni nini. Habari za kiwanda sijauliza."

Akacheka, akaitoa, akaifuta kwa kiganja. Mara ya kwanza kuishika ilikuwa ya baridi, kama kila kitu hapa kwetu mwezi wa saba, lakini haikuchukua muda ikashika joto la mkono wangu. Haikuwa plastiki ya mabeseni. Alinieleza kwamba ni utomvu wa kiwandani: unamiminwa ukiwa mzito kama uji, unatiwa rangi, unaachwa ugande, halafu kalamu inachongwa kutoka kwenye kile kipande. Kwa hiyo hakuna kalamu mbili zinazofanana mistari. Hilo ndilo lililonimaliza. Mimi nauza kitu ambacho lazima mwanamke atakutana nacho kanisani kimevaliwa na jirani yake, na hapa mtu ameshika kitu ambacho mwenzake hayupo popote, kimewekwa chini ya rula.

"Mbona hainunuliwi?"

"Zinavuja. Nilikuwa nazo boksi zima, nikazipeleka hadi mnadani Muze, chini bondeni. Watu wa bondeni wakazinunua kwa fujo, halafu mmoja mmoja wakaanza kuzirudisha hapa dukani, mifuko ya mashati imelowa wino."

"Na wa hapa mjini?"

Akafikiri kidogo. "Wa hapa mjini hakuna aliyerudisha. Unajua watu wa bondeni, dada, hawajui kutunza vitu."

Hapo alinigusa pabaya. Nikamwambia kwa taarifa yake mimi nimezaliwa Muze, na aliyefundisha nusu ya bonde kushika kalamu ni baba yangu mzazi, kwa hiyo achunge mdomo. Aliifunga kalamu kwenye gazeti, akaweka juu yake kichupa cha wino wa bluu, nikalipa nikaondoka nimenuna. Lakini njia nzima hadi nyumbani, mtaa wa Malangali, neno lake lilikuwa linanikera kwa namna nyingine, siyo ya hasira. Kalamu moja, boksi moja. Kwa nini ivuje kwa watu wa chini isivuje kwa watu wa juu?

Sasa nieleze habari ya baba, maana bila hiyo kalamu ile ingeishia kuwa pambo la kabati langu.

Baba alitoka Mbeya akiwa kijana, akapangiwa kufundisha shule ya msingi Muze, kule chini upande wa Ziwa Rukwa, na hakuondoka tena. Darasa la kwanza ndilo lilikuwa lake miaka yote. Ukimkuta mtu mzima wa Muze au Milepa anaandika herufi ya "g" yenye mkia ulioviringwa vizuri, ujue mkono wa baba umepita hapo. Alistaafu, mama akatutangulia, yeye akabaki kule kwa mdogo wangu. Kisha kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi wote, mdomo ulirudi wote na maneno yake yote, mkono wa kulia ukarudi nusu. Unashika kikombe, unafunga vifungo kwa taabu, ila haukandamizi. Na hizi peni zetu za kawaida usipozikandamiza hazitoi kitu.

Siku moja nilimpeleka ofisi fulani kwa shughuli zake. Akajaribu kuweka sahihi, peni ikakwaruza karatasi kavu. Binti wa mezani, mwenye adabu zake wala simlaumu, akamwambia, "Usisumbuke babu, weka dole gumba tu." Akamshika kidole, akakibonyeza kwenye kikasha cha wino wa muhuri, akakibandika kwenye karatasi. Tulipofika nyumbani baba alikiosha kidole kile kwa sabuni, akakisugua kwa mchanga, akarudia sabuni, mpaka nikamshika mkono nikamwambia baba, basi.

"Mama," akaniambia, maana nimebeba jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "niliwafundisha watu wa huku ili wasiweke dole gumba."

Tangu siku ile hakukanyaga tena mahali panapotakiwa sahihi. Akiitwa, ana kikohozi. Akifuatwa, amekwenda shamba.

Halafu binti yangu, mjukuu wake wa kwanza, akapata mchumba, na ndoa ikapangwa kufungwa hapa mjini. Akasema shahidi wake, atakayeweka sahihi kwenye kitabu cha ndoa, ni babu na si mwingine. Alimpigia simu mwenyewe, nikiwa nimekaa pembeni nasikiliza.

"Mke wangu," baba akamjibu, kwa ule utani wa babu na mjukuu ambao hawajawahi kuuacha tangu mtoto ana meno mawili, "unaniacha unakwenda kwa kijana, halafu unataka nikutoe kwa dole gumba? Watu watasema nimenyang'anywa."

Tulicheka wote, lakini hakuwa anatania. Harusini atakuja, alisema, atakaa benchi la nyuma na kofia yake, ila mezani kwa padri hasogei. Binti yangu alikata simu akaingia chumbani. Nilimsikia analia, na wote wawili walikuwa na haki.

Hayo ndiyo yalikuwa yamekaa nyumbani kwangu wakati naileta kalamu. Sikuinunua kwa ajili ya baba, nisijipe sifa. Niliinunua kwa tamaa ya macho. Niliifungua mezani jikoni, nikafuata nilivyoelekezwa: unachovya mdomo wa kalamu ndani ya wino, unazungusha mkia wake, inanyonya kama bomba la sindano. Kisha niligusisha nibu kwenye karatasi, nikatulia nikisubiri wino ushuke ndipo nianze kuandika. Nilipoangalia chini, ilikuwa imeshaandika. Mkono wangu ulipotikisika kidogo, karatasini kulikuwa na mstari, umelowa, wa bluu kabisa.

Nikaijaribu tena. Nikaishika kwa vidole viwili, kilegevu, mkono umelala kama wa baba. Ikaandika. Nikaiacha ijibebe kwa uzito wake, mimi naisukuma tu. Ikaandika. Nilikaa pale nikichora mistari isiyo na maana mpaka mboga ikaungua, na binti yangu alipotoka kuuliza moshi wa nini, nilimwonyesha karatasi badala ya sufuria.

Wiki hiyohiyo nilishuka Muze. Nilimkuta baba uani, amekaa kwenye kiti chake cha kamba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona umekuja na sura ya mtu mwenye siri?"

Nilimpa kalamu bila kueleza. Aliigeuza juani, akaileta karibu na macho, akaizungusha ile mistari ifuatane. "Hii wameitia maziwa," akasema. Akaulizia kila kitu: imetengenezwa na nini, wino unaingiaje, kwa nini nibu imepasuliwa katikati. Mimi nikajibu nilichokijua na kubuni kidogo nisichokijua, na yeye akanikamata kila nilipobuni. Kisha nikamwekea ubao wa kukatia mboga mapajani na karatasi juu yake.

Hakuanza na jina. Alianza na "a", kama anavyoanzishwa mtoto wa darasa la kwanza. Ikatoka imepinda lakini ikatoka. Akaandika mstari mzima wa "a", kila moja ikiwa na afya kuliko iliyotangulia. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Alipofika mwisho wa mstari akapumzika, akavuta pumzi, akaweka sahihi yake. Ilikuwa inatetemeka kidogo, lakini ilikuwa yenyewe, ile iliyokuwa kwenye ripoti zangu zote za shule.

Aliipuliza wino ukauke. Halafu akasema, "Mwambie mke wangu nakuja kusaini talaka yake."

Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kurudi siku ile.

Basi siku ya wakwe kuja kujitambulisha rasmi, watu wa Kirando, wenye heshima zao na samaki zao, baba alipanda kutoka Muze na shati jeupe lililopigwa pasi. Kalamu aliitia mfuko wa kifuani, kichwa chini, ili mdomo usikauke. Alitaka aulizwe tu, aitoe. Nilimwona anavyougusagusa mfuko, nikacheka moyoni. Zamu yake ya kujitambulisha ilipofika alisimama, na mama mkwe wa binti yangu akasema kwa sauti ya chini, kwa huruma, "Babu, shati lako."

Doa lilikuwa kubwa kama kiganja, bluu, na bado lilikuwa linatembea. Baba aliinamisha kichwa akalitazama. Akajitambulisha hivyohivyo, jina na kazi aliyofanya, akaketi, akaweka kofia kifuani. Wageni walijifanya hawakuona, na hilo nalo liliuma.

Walipoondoka nilimfuata uani.

"Sikuifunga vizuri," akaniambia. "Mkono umeshindwa hata kufunga kifuniko, mama. Je, nikiharibu kitabu cha kanisa mbele ya watu wote wale? Hapana. Benchi la nyuma linanitosha."

"Baba, mimi ndiye niliyekifungua hicho kifuniko sasa hivi. Kilikuwa kimekaza mpaka nimetumia kanga."

"Unanifariji."

"Sikufariji, nakueleza."

"Mama, unanifariji," akarudia, na akashuka Muze kesho yake asubuhi bila kunywa chai, kalamu akaiacha.

Nilikasirika sana. Nilitaka kuitupa kalamu ile chooni na rangi zake zote. Kilichonizuia ni kile kifuniko. Mkono wangu ulikuwa umekisikia kilivyokaza, na mkono haudanganywi. Kama kilifungwa, wino ulitokaje? Na kama ni ubovu wa kalamu, mbona kwangu jikoni ililala na wino tele na haikutoa hata tone? Nilijua hivi: nikilijibu hilo vizuri, baba ataamini mkono wake. Nisipolijibu, atakaa nyuma na kofia, na binti yangu ataolewa akiwa anageuka kumtafuta.

Nikarudi dukani. Mwenye duka aliponiona akajua nimekuja kugomba, akanipa kiti kwanza.

"Ilivuja," nikasema.

"Nilikwambia, dada."

"Ilivuja kwa mtu wa bondeni."

"Hilo nalo nilikwambia."

"Sasa nieleze kwa nini."

Akainua mabega. Nikamuuliza kama hao waliorudisha walisema zilivujia wapi: nyumbani kwao, au shambani. Alikuna kichwa. Akasema hakumbuki mtu aliyelalamika akiwa kule mnadani. Wote walilalamika hapa, mbele ya meza hii, wakiwa ndiyo kwanza wamefika mjini. Tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyejua tumeshika nini, lakini wote tulijua tumeshika kitu.

Nikaanza kuichunga ile kalamu kama mtoto mwenye homa. Niliijaza Malangali nikatembea nayo sokoni siku kadhaa, ndani ya kapu, kichwa chini, kichwa juu, imelala. Kavu. Nikaipeleka Muze siku ya mnada pamoja na vitenge vyangu. Tulishuka ule mteremko wote na makona yake, nikaitoa kule chini kwenye joto. Kavu. Niliiandikia bei za vitenge mchana kutwa, wino ukafika nusu. Nikaifunga kwa mikono yangu hii mizima, nikaivingirisha kwenye leso, nikapanda gari la kurudi.

Kati ya abiria kulikuwa na mama mmoja aliyepakata dumu la asali. Tulipoanza kuupanda mlima dereva akasema kama wanavyosema madereva wote wa njia ile, bila hata kugeuza shingo: "Legezeni vifuniko, tunapanda." Yule mama akazungusha kifuniko cha dumu lake, likatoa pumzi, akaendelea na hadithi yake. Nimelisikia neno lile tangu nanyonya. Mtu yeyote wa bondeni anajua: dumu la asali, la mafuta, la togwa, ukilipandisha huku juu Ufipa limefungwa kabisa litavimba na kukumwagikia. Na chupa ya maji uliyoifunga huku juu, ukifika Muze imebonyea kama imekaliwa. Hatuulizi kwa nini. Tunalegeza kifuniko tu, kisha tunaendelea na stori.

Nikaifungua leso yangu, ikawa bluu.

Sijui kama nimewahi kucheka peke yangu ndani ya gari kiasi kile. Yule mama wa asali alinisogelea akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia dada, kalamu nayo ni dumu. Alisogea mbali kidogo, hata simlaumu. Lakini ndivyo ilivyokuwa: hewa ya chini iliyokaa ndani ya kalamu juu ya wino, ikifika kwenye wepesi wa hewa ya huku juu, inatanuka na kuusukuma wino nje. Ikiwa kichwa chini na nusu tupu, ndiyo kabisa. Watu wa mjini walijaza wakiwa mjini, wakaandika mjini, wakaridhika. Watu wa bondeni walijaza nyumbani, wakavaa mashati yao mazuri ya kuja mjini, wakapanda. Boksi zima la kalamu limepewa jina baya na mlima.

Usiku ule nilitaka kumpigia simu, nikajizuia. Angesema tena ninamfariji. Baba ni mwalimu, haamini jambo la kuambiwa.

Kwa hiyo siku ya kuamkia harusi nilishuka mwenyewe kumchukua. Alikuwa amefunga begi lake, kofia juu yake, tayari kwa benchi la nyuma. Nilimwomba aijaze kalamu, nusu tu. Akakunja uso lakini akajaza. Tulipoingia garini nikampa dereva, mtu mwenye mikono kama koleo, nikamwambia aifunge anavyojua. Aliifunga. Nikaiweka kwenye leso nyeupe, kichwa chini, nikaishika mbele ya macho ya baba, mkono wangu juu ya goti langu, kama mtu anayepeleka yai kwa mgonjwa.

"Unafanya nini?" baba akauliza.

"Nakufundisha. Wewe si ulinifundisha."

Jicho lake halikuiacha leso. Miguuni kwake kulikuwa na dumu la asali la harusi. Tulipofika mguu wa mlima dereva akasema, "Legezeni vifuniko, tunapanda," na baba akainama palepale, kwa mazoea tu, akazungusha kifuniko cha dumu lake kwa ule mkono wa nusu. Likapumua. Akainuka.

Tukapanda. Joto likabaki chini, upepo wa Ufipa ukaanza kuingia dirishani, baba akafunga koti. Tulipotokeza juu kwenye uwanda, kwenye mashamba ya ulezi, nilimwonyesha leso. Doa lilikuwa limechanua kuizunguka kalamu yote.

"Hilo dumu ulilegeza kifuniko," nikamwambia. "Na hili je?"

Aliichukua leso. Akaikagua kalamu, akaangalia kifuniko, akajaribu kukifungua kikamshinda kwa jinsi dereva alivyokikaza. Akaangalia nyuma, kule tulikotoka, ukungu wa bonde. Nilimwona anapiga hesabu yake kimya. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na kweli alikuwa analia pia.

"Miaka yote hii nawaambia watu legezeni," akasema. "Haukuwa mkono."

"Haukuwa mkono, baba."

"Dereva," akasema, "haukuwa mkono." Dereva akasema ndiyo mzee, bila kujua anakubali nini.

Asubuhi ya harusi aliiosha kalamu mwenyewe, kwenye beseni langu, maji baada ya maji mpaka yakawa meupe. Akaijaza pale pale Malangali, juu ya mlima, ikajaa hadi pomoni. Hakuniruhusu nimsaidie. Alichafua meza na dole gumba lake, nikamwacha.

Kanisani padri aliita mashahidi. Mezani kulikuwa na kitabu, peni ya kawaida na, kwa wema wake tu, kile kikasha cha wino wa muhuri kikiwa kimeshafunguliwa kwa ajili ya wazee. Baba alivua kofia, akaiacha kwenye benchi la mbele. Alipofika mezani alikisogeza kile kikasha kando kwa mgongo wa mkono, taratibu, kama mtu anayesogeza kikombe asichokuwa na haja nacho. Akaitoa kalamu yake. Ile rangi ya uji, na kijani, na mstari wa chungwa vilionekana hadi nilipokaa.

Ilichukua muda. Kwaya ilimaliza wimbo, wakaangaliana, wakaanza tena. Binti yangu alisimama pembeni yake na shela lake, hakumharakisha, wala hakumshika kiwiko. Nilijua amefika kwenye ile herufi yenye mkia, kwa jinsi alivyovuta pumzi. Kisha akainua kalamu, akaifunika, akamgeukia mjukuu wake.

"Haya, mke wangu," akasema, na mic ya padri ikalichukua neno hilo kanisa zima. "Nimekutoa mwenyewe. Hakuna aliyeninyang'anya."

Watu walicheka, waliojua na wasiojua. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa namtazama binti yangu anavyolia, safari hii mbele za watu bila kujificha.

Ukumbini wakati wa kula nilipitisha maji ya kunawa meza ya wazee, jagi mkono mmoja na beseni mkono wa pili. Baba alinyoosha mkono wa kulia. Nikamwagia maji, nikampaka sabuni kiganjani, nikamnawisha vidole kimoja kimoja maana peke yake huchukua muda. Dole gumba lilikuwa bluu tangu asubuhi alipojaza kalamu. Nikalikumbuka lile doa la ofisini, na mchanga, na sabuni, nikataka kulisugua haraka kabla hajaliona. Akalikunja ndani ya ngumi.

"Hilo liache, mama," akasema. "Hilo nimelipaka mwenyewe."